Ndoo iliyofuka moshi: kisa cha meza ya bahari iliyomwagwa wakati wa masika

Kisa hiki kimetokea Unguja, upande wa mashariki. Majina ya watu, hoteli na kijiji nimeyaondoa. Fundi mwenyewe ameridhia nikisimulie, kwa sharti moja: nisimfiche kosa lake. Mimi ni fundi wa samani. Niliitwa kazi ikiwa imeshaharibika, kwa hiyo sehemu ya kwanza nimeipata kwake na kwa mpwa wake, na ya pili nimeiona kwa macho.

Usuli

Fundi ni mama wa miaka arobaini na kitu. Alianza na picha ndogo za ukutani: kipande cha plaiwudi cha sentimita 30 kwa 40, mchanga upande mmoja, mawimbi mawili matatu ya epoksi (utomvu wa kiwandani unaomwagwa ukiwa majimaji, ukagandamana mgumu kama kioo), mtalii ananunua na kutia begini. Mkono anao. Bahari ya kwao anaijua rangi zake kama anavyozijua kanga zake. Juu ya mchanga mweupe maji ni ya feruzi, penye mwani yanaingia kijani, na nje ya mwamba, kule mawimbi yanakopasukia, buluu imeiva mpaka inakaribia weusi. Wengine huchukua chupa moja ya buluu wakamwaga tangu ukingo hadi ukingo, na picha ikatoka kama bwawa la kuogelea. Yeye hajawahi.

Kijana anayesimamia hoteli ndogo iliyokuwa ikijengwa aliiona picha moja, akataka kitu hicho hicho kwa ukubwa wa meza ya mapokezi: urefu sentimita 180, upana 70, upande mmoja ubao wa mwembe wenye ukingo wake wa asili, upande wa pili bahari. Walikubaliana Januari. Pesa ya kuanzia ilitoka Aprili, na hoteli ilikuwa ifunguliwe tarehe 1 Juni. Kwa wasioijua pwani hii: kati ya miezi hiyo miwili ndiyo masika yenyewe. Nguo ya pamba inashinda kambani siku mbili na bado inanukia maji.

Picha ndogo hula gramu 300 au 400 za epoksi. Bahari ya meza hii, upana sentimita 40 na kina sentimita 4, ingekula karibu lita 29. Fundi alifanya hesabu, akaona haiwezekani kwa pesa wala kwa aina ya epoksi iliyopatikana mjini, ambayo ni ile ya kupaka juu, si ile ya kujaza kina. Akaweka plaiwudi chini na kuinua sakafu ya bahari, kikabaki kina cha sentimita 1.2 tu, yaani kama lita 9. Huu ulikuwa uamuzi mzuri kuliko yote aliyoufanya mwezi ule. Kina cha bahari kwenye epoksi ni kazi ya rangi na kivuli, na milimita 12 zinatosha kumdanganya mtu anayeangalia toka juu.

Yaliyotokea

Ubao wa mwembe ulikuwa umepasuliwa miezi mitano kabla na kulazwa bandani. Hakuwa na kipima unyevu. Aliugonga kwa kidole, akaunyanyua, akasema umekauka.

Tarehe 2 Mei, saa nne asubuhi, walianza kumwaga. Fundi alijiwekea kazi ya rangi na mawimbi. Kuchanganya alimwachia mpwa wake, kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa naye mwezi mmoja. "Wewe koroga tu, bahari niachie mimi," ndivyo alivyomwambia. Sentensi hii ninaitaja kwa sababu nitairudia.

Epoksi huja kwa makopo mawili. La A ni resini, la B ni kigumishi. Yakichanganywa yanaanza kushikana, na kushikana huko kunazalisha joto. Aina waliyonunua ilitaka sehemu mbili za A kwa moja ya B, kwa ujazo. Mpwa alipima vizuri kwa majagi yenye mistari, lita nne kwa mkupuo, kwenye ndoo moja, akakoroga dakika tano kama alivyoambiwa. Fundi akateka vikombe sita vya rangi na kuanza ufukoni. Ndoo ilibaki na zaidi ya nusu, imekaa sakafuni, joto la hewa nyuzi 31.

Baada ya robo saa mpwa alishika ndoo aisogeze, akaiachia. Ilikuwa ya moto. Ndani, kilichokuwa kama asali kilikuwa kinageuka uji mzito, kisha kikatoa moshi mweupe wenye harufu ya kuchoma koo. Waliitoa nje kwa kuishika na gunia, wakaiweka mchangani. Kitako cha ndoo kilikuwa kimelegea kikachukua umbo la mchanga. Majagi mawili ya kupimia yalikuwa yamesahaulika ndani yake.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipozaa la pili. Majagi hayapo tena, ufuko umeshamwagwa, na vikombe vya rangi vinaanza kuwa vizito. Mpwa akachukua mzani wa jikoni. Kopo limeandika mbili kwa moja, basi akapima gramu 1000 za A na gramu 500 za B, mara mbili. Hakuna aliyemwambia kuwa mbili kwa moja ya ujazo si mbili kwa moja ya uzito. Resini ni nzito kuliko maji, kigumishi ni chepesi kidogo kuliko maji. Kwa bidhaa ile, gramu 1000 za A zilitaka gramu 420 hivi za B, kwa hiyo kigumishi kilizidi kwa karibu moja ya tano. Mchanganyiko huo ndio uliokwenda kilindini, kwenye kona ya buluu iliyoiva.

Fundi naye alikuwa na lake. Ukingo wa mwembe alikuwa ameupaka epoksi nyembamba ya kuziba vinyweleo, lakini akaacha nusu ya urefu kwa sababu ya muda. Jua lilipopanda, hewa iliyomo kwenye mbao ikatanuka. Kwenye ile nusu isiyozibwa viputo vikaanza kutoka kimoja kimoja, kwa mstari ulionyooka kando ya ufuko, kama matundu ya kaa maji yanapokupwa. Anakipasua hiki kwa mashine ya hewa ya moto, dakika hiyo hiyo kinatoka kingine palepale.

Mawimbi aliyachora saa sita. Nyeupe ilikuwa nzito ya rangi, na maji ya chini yake, yale ya mzani, yalikuwa mepesi bado. Alipopuliza, nyeupe haikuchanika ikawa povu. Ilizama na kutawanyika. Kwa maneno yake: "Nilitaka povu, nikapata tui."

Usiku ikanyesha. Madirisha yalikuwa wazi ili harufu itoke. Asubuhi uso wote wa bahari ulikuwa na utando wa ukungu, ukiupitisha kidole unateleza kama sahani iliyooshwa bila sabuni. Mpwa akaufuta kwa mafuta ya taa. Jioni wakamwaga tabaka la pili juu yake. Tabaka hilo lilijikunja, likaacha vishimo vya duara kila mahali, kama matone ya kwanza ya mvua juu ya vumbi.

Tarehe 5 ukucha ulikuwa bado unaingia kwenye ile kona. Wakaianika juani, wakaiwekea taa, wakaipuliza hewa ya moto. Wiki nzima. Tarehe 12 nikapigiwa simu.

"Kaka, njoo unitazamie. Bahari yangu imekataa kukauka."

Maamuzi, na sababu zake

Nilikuta vitu vitatu vinavyofanana kwa macho lakini haviponi kwa dawa moja.

Ukungu wa juu ni tatizo la hewa. Kigumishi, kabla hakijamaliza kushikana, hukutana na unyevu na kaboni dioksidi ya hewani, kikaunda chumvi laini usoni. Chumvi hiyo huyeyuka kwa maji. Mafuta ya taa hayaiondoi, yanaisambaza na kuongeza mafuta juu yake. Dawa ni maji ya vuguvugu na sabuni, kukausha, msasa namba 220, kufuta vumbi kwa spiriti, ndipo umwage tena. Fundi alibisha kidogo: utiaje maji kwenye kitu unachotaka kikauke? Tukaosha kipande cha pembeni kwanza. Kikanyooka.

Kona laini haina dawa. Epoksi iliyokosewa vipimo haingoji jua. Kigumishi kilichozidi hakina resini ya kushikana nayo, na hakitaipata ukisubiri hadi Ramadhani. Kumwaga tabaka zuri juu yake ni kujenga nyumba juu ya jivu. Nilisema itolewe yote kwa patasi hadi plaiwudi ionekane. Alikaa kimya muda mrefu, kwa sababu kona ile ndiyo aliyoipenda, buluu yake ilikuwa imetoka. Siku mbili tulikwangua.

La tatu ni mbao. Nilikwenda na kipima unyevu changu, kikasoma asilimia 17. Kwa epoksi natafuta chini ya 12, ingawa pwani yetu kufika hapo bila chumba kikavu ni ndoto.

Ikabidi mteja aambiwe ukweli, na hilo fundi alitaka kuliahirisha. Alikuwa anafikiria kuisukuma kazi ili tarehe itimie. Nilimshauri aende na kile kipande tulichokwangua mkononi. Akaenda. Yule kijana alikibonyeza kwa kidole gumba, akaona alama inabaki. Akauliza: "Sasa shangazi, tunafanyaje?" Si mpwa wake, lakini ndivyo alivyomwita tangu mwanzo, na nadhani uitwaji huo ulisaidia kuliko maelezo yangu yote ya kikemia.

Fundi akaomba kitu ambacho mimi sikukiwaza: chumba. Hoteli ilikuwa na stoo iliyokwisha kufungwa kiyoyozi, bado haijatumika. Meza ikahamishiwa humo tarehe 15, kiyoyozi kikawekwa nyuzi 26, madirisha yakafungwa. Maana yake mbao zinaanza kuzoea hewa ile ile zitakayoishi nayo, na epoksi haionani na masika. Baada ya siku 14 kipimo kilishuka hadi 13. Si 12, lakini tulikubali.

Mzunguko wa pili ulianza tarehe 29 Mei, saa kumi na moja jioni, saa ambayo joto linashuka na mbao zinavuta hewa badala ya kuitema. Ukingo wote ulizibwa siku moja kabla. Kilichochanganywa hakikuzidi lita moja kwa wakati, na kilimwagwa mara moja kwenye sinia pana, maana epoksi ikitandazwa joto lake linatoka, ikirundikana inajipika yenyewe.

Mawimbi ya safari hii niliyatazama karibu. Alisubiri maji ya chini yashikane kidogo: anapitisha kijiti cha meno, mfereji wake unajifunga polepole, hapo ndipo tayari. Akamwaga uzi mwembamba wa epoksi isiyo na rangi, na juu yake uzi wa nyeupe, mwembamba zaidi, rangi ikiwa kidogo sana. Akapuliza kwanza kuelekea kilindini, mpaka nyeupe ikalala kama kitambaa kilichonyooshwa. Akaizima mashine. Akahesabu kimoyomoyo. Akairudisha, ya mbali, ya upole, kuelekea ufukoni, na kitambaa kikaanza kutoboka: tundu, tundu, yale makubwa yakimeza madogo, mpaka ukingo wa wimbi ukawa utando. Halafu akafanya jambo gumu kuliko yote, akaacha kupuliza.

Mawimbi matatu yalimwagwa kwa siku tatu tofauti, kila moja juu ya tabaka lisilo na rangi. Faida yake inaonekana taa ikiwaka: povu la juu linatupa kivuli juu ya mchanga wa chini, kama povu la kweli kwenye maji ya magotini. Kivuli hicho ndicho kilichompa mteja kile kina alichokuwa amekilipia.

Mteja alitaka pia matumbawe na farasi wa baharini wawili ndani ya epoksi. Fundi alikataa, na alikataa akijua anachosema. Matumbawe magumu na farasi wa baharini wako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na mgeni akiipenda meza akataka ndogo ya kupeleka kwao, forodhani ataulizwa kibali. Akaweka makombe matupu machache na mchanga aliousafisha kwa maji yasiyo ya chumvi mara tatu na kuuanika juu ya bati. Chumvi ikibaki mchangani huvuta unyevu, na epoksi haishiki. Kila kombe alilijaza epoksi kichwa chini siku iliyotangulia, la sivyo lingetema viputo usiku kucha.

Ilivyoishia

Meza iliwekwa mahali pake tarehe 13 Juni, baada ya tabaka la mwisho kukaa siku saba bila kuguswa. Ilichelewa siku 12. Wageni wa kwanza walipokelewa kwenye meza ya plastiki iliyotandikwa kanga. Epoksi iliyotumika ilipita lita 15 badala ya 9. Mteja alikata sehemu ndogo ya malipo ya mwisho, fundi hakubishana. Faida haikubaki.

Desemba niliipitia. Upande mmoja, mwembe umejivuta na kuacha mwanya wa kama milimita moja kati yake na mchanga. Hiyo ni ile asilimia 13 tuliyoikubali. Kuna alama ya duara palipowekwa birika: epoksi nyingi za kupaka hulegea kwenye nyuzi 50 au 60, na chai ya pwani hainywewi ya vuguvugu. Povu la upande wa mlango wa mashariki limeanza kuchukua manjano ya jua. Buluu haijali, manjano yakiichanganyia inakuwa kijani kidogo tu, lakini nyeupe haifichi kitu. Tulipaswa kuipaka vanishi ya poliyurethani inayozuia jua. Hilo nalihesabu kosa langu, maana niliulizwa nikasema tutaona baadaye.

Uchambuzi

Ukimuuliza mtu yeyote aliyeiona kazi ile tarehe 3 Mei, angesema mawimbi yameharibika. Fundi mwenyewe alilia kwa sababu ya mawimbi. Lakini fuata uzi nyuma: nyeupe ilizama kwa sababu maji ya chini yalikuwa mepesi, yalikuwa mepesi kwa sababu ya mzani, mzani ulitumika kwa sababu majagi yameganda, majagi yaliganda kwa sababu ya lita nne kwenye ndoo moja. Kila kitu kinarudi kwenye ndoo. Na kwenye ndoo ndipo alipowekwa mtu asiyefundishwa, kwa maneno "wewe koroga tu".

Katika sanaa hii watu wanaipenda sehemu inayopigwa picha. Kupuliza wimbi kunavutia, kupima gramu hakuvutii mtu, kwa hiyo mwenye ujuzi hushika kinachovutia na mgeni hupewa kinachochosha. Mimi nadhani ni kinyume. Mgeni akikosea wimbi, unalikwangua kwa msasa kesho yake na kumwaga jingine. Akikosea kipimo, unatafuta patasi. Ningekuwa mimi, mpwa angepuliza na shangazi angepima.

Masika yalichangia, ila siyalaumu. Tarehe iliwekwa Januari kwa kalenda ya hoteli, na hakuna aliyeuliza mwezi wa Mei kuna hewa gani. Kile chumba chenye kiyoyozi kilikuwepo tangu Aprili. Kingeombwa mapema, ukungu usingekuwepo na mbao zingekauka mwezi mzima zaidi.

Jambo moja sijaligusa. Mpwa alichanganya siku zote zile akiwa amevaa glovu nyembamba za mpira, zinazochanika, na jioni alijisafisha mikono kwa asetoni kwa sababu inaondoa haraka. Asetoni huyeyusha epoksi na kuipitisha ngozini. Kwenye tarehe 10 alianza kuwashwa viganjani, akadhani ni wadudu wa mbao. Tulipokuwa tunakwangua kona laini, vumbi lake likapanda na uso ukamvimba. Daktari alimwambia mwili wake umeshaikataa epoksi. Mwili ukishaikataa haurudi nyuma, hata kiasi kidogo kinauamsha. Glovu za nitraili, mikono mirefu, barakoa yenye vichujio vya mvuke, na sabuni na maji badala ya asetoni: vyote hivyo vilipatikana mjini, na bei yake kwa pamoja haifiki ya epoksi iliyotupwa mchangani.

Hakuingia kwenye kile chumba cha kiyoyozi. Shangazi mtu sasa anapima mwenyewe, ana daftari la gramu kwa kila aina ya epoksi, na mzani wake ameuandikia namba 42, gramu za B kwa kila 100 za A, kwa wino mwekundu. Mpwa hakuondoka. Anaranda mbao na kutengeneza fremu, kwenye kibanda alichojengewa kusini mwa ua, ili kusi ikivuma itoke kwake kwenda kwenye epoksi. Kaskazi ikiingia, epoksi inafungwa ndani na madirisha ya upande ule hayafunguliwi.